Wikendi Bandung: kula kwanza, nguo baadaye

Watu wengi wa kwetu wakisikia Indonesia wanafikiria Bali, fukwe, maharusi na zile picha za bembea juu ya msitu. Sawa, Bali ipo na ni nzuri, ila leo nataka niwaambie kuhusu Bandung, mji ambao Waindonesia wenyewe wanaukimbilia ikishafika Ijumaa jioni. Watu wa Jakarta wanatoka kazini, wanapakia watoto kwenye gari, wanapanda milimani kwenda kula na kununua nguo, halafu Jumapili usiku wanarudi na maboksi ya keki yamejaa kwenye buti. Mi naishi Jakarta kwa masomo, na nikipata wikendi huru pamoja na vijisenti kidogo, siwazi mara mbili, naenda Bandung. Kama unapenda kula na unajua thamani ya kitambaa, nakwambia huu mji ni wako.

Bandung iko kama kilomita 150 kutoka Jakarta, kwenye bonde lililozungukwa na milima ya volkano, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyingine kabisa, jioni unavaa sweta na unalala bila feni. Na huu mji ni wa wikendi tangu zamani. Enzi za ukoloni wa Waholanzi, wenye mashamba makubwa ya chai na kwinini huko milimani walikuwa wanashuka Bandung mwisho wa wiki kunywa, kucheza dansi na kununua vitu vya Ulaya kwenye maduka ya mtaa wa Braga, ndo ukapewa jina la Paris ya Java, Java ndo kisiwa chenyewe. Baadaye wenyewe Waindonesia wakajitwalia mji wao, na mwaka 2005 ilipofunguliwa barabara kuu ya kulipia ya Cipularang, Jakarta yote ikawa inamwagika huku kila Jumamosi, foleni zake asikwambie mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu gari achana nalo, panda treni. Ziko mbili. Kuna ile ya mwendokasi inaitwa Whoosh, iliyoanza Oktoba 2023, ya kwanza ya aina yake Asia ya Kusini-Mashariki, inafika kilomita 350 kwa saa, kutoka stesheni ya Halim Jakarta hadi Padalarang ni kama nusu saa tu, halafu unashuka unahamia kwenye treni ndogo inayokupeleka mjini kabisa kwa tiketi ile ile. Tiketi inabadilika bei kulingana na saa, ila panga kati ya rupia laki moja na nusu na laki tatu. Ya pili ni treni ya kawaida ya kutoka stesheni ya Gambir, Jakarta, inachukua karibu masaa matatu, ni ya bei nafuu, na mi kwa kweli naipenda hii zaidi kwenda, maana inapita juu ya madaraja marefu ya mabonde, chini unaona mashamba ya mpunga yamepangwa ngazi ngazi mpaka mtoni, kurudi ndo natumia Whoosh kwa sababu Jumapili jioni mwili umeshachoka. Hesabu ya hela ni rahisi, chukua rupia gawa kwa sita unapata shilingi za Tanzania kwa makadirio, rupia elfu thelathini ni kama buku tano ya kwetu.

Sasa tuje kwenye kula, maana hapa ndo penyewe.

Asubuhi Jumamosi usile hotelini hata kama chai wamekuwekea bure kwenye bei ya chumba. Toka barabarani utafute mama anayepika surabi. Mi napelekwaga na rafiki yangu wa chuo, Msunda, kabila la upande huu wa Java, mwenyeji wa Bandung, kwa mama mmoja ambaye jiko lake ni safu ya vijungu vidogo vya udongo juu ya makaa, kila kimoja na mfuniko wake wa udongo. Anachota upawa wa uji mzito wa unga wa mchele na tui la nazi, anamimina, anasubiri mpaka matundu yaanze kutokea juu, ndo anafunika. Hakai na saa wala simu, anasikiliza tu na kunusa, na mkono wake unazunguka kutoka kijungu cha kwanza mpaka cha mwisho, unarudi, anafunua, anachokoa pembeni kwa chuma chembamba, kinatoka kitu chini kimeungua kidogo rangi ya hudhurungi na juu ni laini cheupe kinatetemeka. Mtu wa pwani yeyote akionja hicho kitu anajua alipo: ni vibibi. Tui lile lile, mchele ule ule, matundu yale yale. Tofauti ni kwamba wao wanakupa uchague, ya sukari wanaimwagia sharubati nzito ya sukari ya mitende iliyochemshwa na nazi, ya chumvi wanaweka oncom, ambayo ni mabaki ya soya au karanga zilizokamuliwa yakachachushwa, kisha yakakaangwa na pilipili. Oncom ina harufu kali na ladha ya uchachu inayokaa mdomoni muda mrefu, kula ukiwa na njaa ndo utaielewa. Mi nachukua zote mbili, ya chumvi kwanza. Haizidi rupia elfu kumi kila moja kwa yule mama.

Mchana kuna batagor. Hii ni Bandung yenyewe, hakuna anayebisha. Wanasaga nyama ya nguru, wanachanganya na unga wa wanga wa muhogo, wanajaza ndani ya tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, au kufunga kwenye kikaratasi cha unga, wanakaanga mpaka ikauke nje, halafu wanaikatakata kwa mkasi na kumwagia mchuzi wa karanga, soya tamu nyeusi na kukamulia ndimu ndogo. Kama ni nguru wa kweli unamjua mara moja, kama wamebana samaki wakajaza unga pia unajua, inakuwa inavutika kama mpira. Kwa hiyo usikimbilie ya bei ya chini sana, toa elfu ishirini na tano, thelathini, ule kitu cha maana. Jioni ikianza baridi tafuta mie kocok, tambi kwenye supu ya mifupa ya ng'ombe na vipande vya kwato na mishipa vilivyopikwa mpaka vikalainika kabisa, juu majani ya selari na vitunguu vya kukaanga. Wanaopenda supu ya makongoro watanielewa bila maelezo.

Na msosi mkubwa wa kukaa chini na watu ni nasi timbel. Wali wa moto umefungwa kwenye jani la mgomba mpaka ukachukua harufu ya jani, kuku wa kukaanga, tofu, tempe ya soya iliyochachushwa, samaki mkavu wa chumvi, pilipili ya kutwangwa na dagaa kamba waliochachushwa, na sinia la mboga mbichi. Mbichi kweli, haijapikwa: matango, kabichi, kivumbasha, bilinganya changa za kijani za mviringo, majani ambayo hata majina yake siyajui, unachovya kwenye pilipili unatafuna. Wasunda wanasifika Indonesia nzima kwa kula majani, na ukikaa nao unaona wanavyoyachagua kwa heshima, huyu anasema jani hili linaendana na samaki, yule anasema hapana hili ni la kuku. Unakula kwa mkono wa kulia, mmekaa mkekani, na hakuna mtu anayekuangalia mara mbili. Bandung ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo suala la halali karibu kila mahali huna haja ya kuuliza, na sehemu ya kuswali ipo mpaka ndani ya maduka ya nguo.

Kitu kimoja kinanigusa sana kila nikila huku, ni muhogo. Muhogo ulitoka Amerika ukafika kwao na kwetu, wote tukaupokea, ila jamani angalieni walichofanya nao. Wanauchachusha mzima unakuwa mtamu na laini unaitwa peuyeum, wanauning'iniza barabarani mafungu kwa mafungu, unaula hivyo hivyo au wanauchoma na kuumwagia nazi na sukari. Wanga wake wanaukaanga unakuwa cireng, wanauviringa vidonge na kuvichemsha vinakuwa cilok, wanachovya kwenye karanga, na vijana wa shule wanazunguka navyo kwenye vijiti. Hiyo ni mitaji midogo kabisa, mwanamke na sufuria moja na kilo chache za unga anasomesha watoto. Sisi muhogo tunao kutoka Mtwara mpaka Tanga, tunachemsha, tunakaanga, tunasaga ugali, na ni mtamu, siudharau, lakini nikimwona yule mmama wa cireng pale nje ya chuo anavyomaliza ndoo nzima kabla ya magharibi nawawaza mama ntilie wetu. Mtu yeyote wa kwetu anayefundisha wajasiriamali mapishi angekuja wiki moja tu huku ajifunze.

Usiku kunywa bajigur au bandrek, vyote vya moto, cha kwanza ni tui na sukari ya mitende na tangawizi, cha pili ni tangawizi kali na mdalasini na karafuu. Na karafuu hizi ndo kwao hasa, visiwa vya Maluku, kutoka huko ndo mbegu zilisafiri mpaka zikafika Unguja na Pemba karne ya 19, na baadaye ikawa Indonesia ndo inanunua karafuu za Zanzibar kutengenezea sigara zao za kretek. Ukipita jioni kwenye vibanda vya kahawa harufu ya karafuu inakufuata mtaa mzima, mtu wa Pemba atasimama ageuke.

Haya, nguo.

Bandung inauza nguo kwa sababu Bandung inatengeneza nguo. Viwanda vya kufuma na kushona viko pande zote za mji, hasa kusini huko Majalaya ambako walianza kufuma tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kuanzia miaka ya 90 maduka yanayoitwa factory outlet yalianza kuuza mabaki ya oda za nje, shati lililoshonwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani likabaki kwa sababu oda ilizidi au kifungo kimekaa upande, linauzwa hapa kwa robo ya bei. Yako mengi mtaa wa Riau na mtaa wa Dago, majumba ya zamani ya Waholanzi yamegeuzwa maduka, na kule juu Setiabudi kuna Rumah Mode ambayo ina mpaka bustani na vibanda vya chakula ndani. Siku hizi si yote ni mabaki ya kweli, mengi yanashonwa moja kwa moja kwa ajili ya maduka haya na lebo inabandikwa, kwa hiyo wewe angalia mshono, geuza nguo ndani nje, vuta kidogo pindo, usinunue lebo. Bei haishuki, imeandikwa. Nafika, nachukua mashati na suruali za watoto wa dada yangu, naondoka.

Mimi penzi langu ni Pasar Baru. Jengo la ghorofa nyingi katikati ya mji, ndani ni vitambaa, baibui, mitandio, nguo za kuswalia, batiki, kanzu, lesi za kushonea kebaya, zile blauzi zao za kienyeji, na ngazi za umeme zinakupandisha kutoka kelele moja kwenda nyingine. Wamalaysia wanakuja kwa makundi na masanduku matupu. Mtu wa Kariakoo akiingia humu hahitaji mwenyeji, anajua mwenyewe: usianze duka la kwanza, zunguka ghorofa zima kwanza, uliza bei ya jumla hata kama unataka vipande vitatu, na ukitajiwa bei toa salamu kwanza, ulizia hali, ndo ushushe. Wauzaji wengi ni wanawake, waite Teteh, dada, bei inalainika yenyewe. Lipa taslimu, wenyeji wanaskani msimbo kwa simu ila bila akaunti ya benki ya huku itakusumbua.

Kuna Teteh mmoja ghorofa la vitambaa ambaye nampenda kwa jambo moja. Nilimwuliza kama kitambaa fulani ni pamba tupu, hakubishana wala hakuapa. Alichomoa uzi mmoja pembeni ya jora, akauwasha kwa kiberiti mbele yangu. Uliungua haraka, harufu ikawa ya karatasi inayoungua, ukabaki majivu mepesi akayapuliza. Kisha akachomoa uzi kwenye jora lingine ambalo kwa macho yangu yalikuwa sawasawa, ukajikunja, ukayeyuka, ukawa kijidonge kigumu cheusi ananishikisha kwa vidole, moshi wake wa plastiki. Akaniambia hiki cha pili bei nusu, na kukivaa kwenye joto la kwenu utajuta. Nikachukua mita za kutosha za kile cha kwanza kwa ajili yangu na mama. Muuzaji anayekuonyesha kasoro ya mali yake mwenyewe huwa simwachi, kila nikija naanzia kwake.

Sasa kilichonikaa moyoni ni hiki. Indonesia hailimi pamba ya maana. Karibu pamba yote wanayotumia wanainunua nje, Brazili, Marekani, Australia, inakuja na meli, wao wanasokota nyuzi, wanafuma, wanatia rangi, wanashona, wanauza dunia nzima na wanabaki na za kuvaa. Sisi pamba tunalima, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, mkulima anainama shambani msimu mzima na jembe, halafu sehemu kubwa inapakiwa marobota inaondoka ghafi, na sisi tunasubiri mtumba. Na si kwamba hatukujaribu, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa miaka ya 60, Mwatex Mwanza ilikuwepo, wazazi wetu walivaa kanga na vitenge vya humo na vilidumu. Nikisimama Pasar Baru nimeshika ile pamba mkononi nahesabu watu waliopata riziki njiani, msokotaji, mfumaji, mtia rangi, dereva, fundi, Teteh na kiberiti chake, na roho inaniuma kwa wale wa Bariadi ambao riziki yao inaishia kwenye mizani ya kijijini.

Lakini nisiwapake rangi nzuri tu. Viwanda hivyo hivyo kwa miaka mingi vimemwaga maji ya rangi na kemikali kwenye mto Citarum, ambao unaanzia milimani kusini ya Bandung na mamilioni ya watu wanautegemea, ukatajwa duniani kwa uchafu. Mwaka 2018 serikali ikaanzisha mpango wa kuusafisha, ikatia mpaka jeshi. Na viwanda vyenyewe vinahangaika na nguo za bei ya chini zinazoingia kutoka nje, ile kampuni kubwa ya Sritex ya Java ya Kati ilifunga milango Machi 2025, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakabaki bila kazi. Kwa hiyo siku tukiamua kusokota pamba yetu kwa nguvu tuje tuulize na haya.

Jumapili asubuhi usiamke kwa maduka. Nenda mtaa wa Asia Afrika, ingia Gedung Merdeka. Jengo hili lilikuwa klabu ya starehe ya Wazungu, ile ile ya wenye mashamba waliokuwa wanashuka wikendi, na humo humo Aprili 1955 Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia, akafungua mkutano wa nchi 29 za Asia na Afrika, wakakaa Nehru wa India, Nasser wa Misri, Zhou Enlai wa China. Kutoka Afrika zilikuwepo Misri, Ethiopia, Sudan, Libya, Liberia na Ghana ambayo bado ilikuwa inaitwa Gold Coast. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, TANU ikiwa haijatimiza hata mwaka. Sasa ni makumbusho, na mtu mweusi akiingia pale wenyeji wanakuja kumsalimia kwa furaha ambayo sijaikuta sehemu nyingine Java, mzee mmoja alinishika mkono hakuuachia mpaka aliponisindikiza kwenye picha za wajumbe wa Afrika.

Ukitoka hapo ukiwa na muda chukua bodaboda ya apu mpaka Cibaduyut, mtaa wa mafundi viatu. Unakanyaga karatasi, fundi anazungushia kalamu mguu wako, unachagua ngozi, kiatu kinatumwa Jakarta wiki mbili baadaye. Baba yangu ana miguu mipana, viatu vya dukani vilimtesa maisha yake yote, nilipeleka mchoro wa mguu wake aliochora mama kwenye karatasi ya daftari akanitumia kwa simu na vipimo vyake, na vile viatu anavaa kanisani mpaka leo.

Kabla ya treni nunua pisang bolen, ndizi na jibini ndani ya keki ya matabaka, na zile browni za mvuke, kwa sababu ukirudi Jakarta mikono mitupu majirani wanahuzunika kweli. Tiketi ya kurudi Jumapili jioni kata mapema, Jumatano imeshaanza kuisha. Mi safari ijayo nimeshaahidiwa, mjomba wa rafiki yangu alifuma misuli ya kuvaa kwenye mashine za Majalaya ujana wake wote, anasema atatupeleka kwa waliobaki wanaofuma bado nyumbani, tukae siku nzima, nirekodi kila hatua ya uzi kwenye mashine ile na gharama yake, halafu nitaandika hapa kwa urefu kwa ajili ya watu wa Mwanza na Simiyu.